Mark II yangu: filta ya koni na vumbi la Dodoma

Jumamosi, wiki ya 1

Filta ya hewa ya injini imefika kutoka Kariakoo kwa basi, ikiwa ndani ya boksi la viatu. Ni ya koni, pamba nyekundu iliyopakwa oili, mdomo inchi 3. Gari ni Mark II GX110, injini 1G-FE, cc 2000, silinda sita za mstari mmoja. Nilichokuwa nakitafuta hasa ni mlio. Habari za nguvu zilikuwa maneno ya kumwambia mama watoto.

Kutoa boksi la stoki, yaani lile la filta lililokuja na gari toka kiwandani, ni kazi ndogo: soketi ya sensa, klampu ya mpira, bolti chache za namba 10. Chini ya boksi nimekuta majani ya mwarobaini na mabawa ya kumbikumbi. Filta ya karatasi iliyokuwemo nilizoea kuipuliza kwa kompresa ya fundi pancha. Leo nimeiweka tochi kwa ndani nikaona vitundu kama nyota. Kumbe muda wote huo nilikuwa naitoboa mwenyewe.

Kilichonichelewesha ni sensa ya hewa. Waya wake unapima hewa inavyopita, na kompyuta inapiga hesabu kwa kufuata upana wa bomba la stoki. Ukiihamishia kwenye bomba pana, hewa inapita taratibu, kompyuta inaamini imeingia kidogo na kupunguza mafuta. Kwa hiyo nimepima kipenyo cha ndani kwa kalipa, na fundi wa kuchomelea akanikatia bomba la alumini la upana uleule. Mdomo wa koni umekaa kwa ringi ya mpira iliyokuja nayo.

Jumapili

Jamani, mlio! Ukikanyaga, kitu kinavuma mbele yako mpaka unatamani mlima mwingine. Kijana wangu wa miaka sita amenilazimisha tuzunguke mtaa mara nne.

Wiki ya 2

Gari limekuwa zito nikitoka kwenye foleni. Nimefunga kipimajoto cha waya kando ya koni, nikaenda Majengo saa nane mchana. Nje nyuzi 31. Nikiwa nimesimama na injini inanguruma, pale kwenye koni nyuzi 58! Hewa ya joto hilo ni nyepesi kuliko ya nje kwa asilimia 8 hivi, maana yake kila silinda inameza pungufu. Boksi la stoki lilikuwa linavuta hewa ya mbele ya gari. Mimi nimeipeleka pua jikoni.

Nimekata bati kutenga koni na injini. Joto limeshuka hadi 47. Afadhali, lakini siyo stoki.

Wiki ya 3

Safari ya kijijini, kilomita 40 za vumbi kwenda na kurudi. Niliporudi nimefungua bomba, nikapitisha kitambaa cheupe ndani, upande wa baada ya filta. Kimetoka na rangi ya udongo. Udongo huo unaelekea kwenye pistoni, na pale hauna kazi nyingine zaidi ya kusaga.

Nikadhani oili imekauka. Nimeosha koni, nimeianika kivulini, kisha nikaipaka oili kwa mkono wa ukarimu, kama mtu anayekaanga maandazi. Asubuhi taa ya cheki injini ikawaka: P0171, mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Oili ilikuwa imerukia waya wa sensa. Nimeipulizia dawa yake maalumu bila kuigusa, ikakauka, taa nimeifuta na haijarudi.

Wiki ya 5

Boksi la stoki limerudi, na ndani yake filta mpya ya karatasi ya shilingi 18,000. Koni na lile bomba vilinila zaidi ya laki moja. Barabara ileile ya kijijini, kitambaa kilekile kikiwa kimefuliwa: safari hii kimetoka cheupe. Kama ningekuwa naishi kwenye lami tupu pengine ningeivumilia koni na bati lake.

Koni ipo juu ya kabati. Mama watoto amesema gari "limepona kikohozi". Kijana hanisemeshi.

Klipu moja ya boksi ilivunjika wakati wa kufungua, kwa hiyo mfuniko nimeubana kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nimeagiza klipu ya mtumba.