Ko-ko-ko ya dizeli, na spana namba 17

Ilianza Julai, katika ile baridi ya Nairobi inayomfanya mtu aahirishe kuoga. Saa kumi alfajiri niliwasha pikapu yangu hapo Kayole, niwahi Marikiti kupakia nyanya na sukuma wiki. Injini ikaitika kwa mlio nisioujua: ko-ko-ko-ko, kama mtu anayegonga geti la bati kwa fundo la kidole.

Dizeli hugonga kidogo ikiwa baridi, hilo nalijua. Haina plagi ya cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa tu. Huku kwetu, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na asubuhi ya baridi mafuta huchelewa kushika moto, kisha yakaripuka kwa mkupuo. Basi nikajiambia itaacha ikipata joto. Nilifika Jogoo Road injini imepata joto lake lote, na ko-ko-ko bado ipo, tena sasa na moshi mweupe unaofukuza watu wa bodaboda nyuma yangu.

Fundi wa karibu na nyumbani aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho kama daktari. "Beringi ya konrodi imekwisha, boss. Hapa ni overholi." Yaani beringi ya mkono unaoshika pistoni imelika, na injini ifunguliwe yote. Shilingi 95,000, na pikapu ikae kwake wiki mbili. Wiki mbili bila pikapu ni wateja wote kuhamia kwa mwingine. Sikulala.

Dereva mmoja wa Marikiti ndiye aliyenipeleka Grogan, mtaa wa magereji, kwa mzee anayeshughulika na dizeli peke yake. Mzee hakugusa kitu. Aliuliza kwanza: taa ya oili huzima upesi ukiwasha? Ndiyo, mara moja. Mlio ulikuja polepole au ghafla? Ghafla. "Na mafuta unanunua wapi, kijana wangu?"

Hapo nikaangalia chini. Siku mbili kabla, nilikuwa nimejaza kutoka kwa mitungi ya kando ya barabara, kwa sababu bei ilikuwa imeshuka kuliko ya pampu. Mzee akaguna. Sote twajua mchezo wa kuchanganya dizeli na mafuta taa. Ndiyo maana mwaka 2018 serikali iliwekea mafuta taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, ili pengo la bei lisilipe wachanganyaji. Ya kwangu sijui ilichanganywa na nini. Maji yalikuwemo, hilo nililiona baadaye kwa macho yangu.

Kisha akachukua spana namba 17. Injini ikizunguka kwa utulivu, aliifunika kwa kitambaa nati ya bomba linaloingia kwenye injekta ya kwanza (kile kifaa kinachopuliza mafuta ndani ya silinda), akailegeza nusu mzunguko. Dizeli ikatiririka kwenye kitambaa, injini ikaanza kuchechemea kama mtu mwenye mwiba mguuni, lakini ko-ko ikaendelea vilevile. Akakaza. Ya pili, hivyohivyo. Alipolegeza ya tatu, mlio ukakatika. Kimya! Alipokaza, ukarudi. Nne haikubadilisha kitu.

Nikafurahi mapema. Mzee akanituliza: beringi mbovu ya silinda ya tatu nayo ingenyamaza ukiinyima mafuta, kwa sababu pistoni haisukumwi tena kwa nguvu. Mpaka hapo tumejua nyumba, hatujamjua mwizi. Fundi wangu wa kwanza huenda alikuwa sahihi. Nikaanza tena kuhesabu zile 95,000.

Kilichofuata ndicho ninachomwambia kila mwenye pikapu. Alizima, akafungua injekta ya kwanza na ya tatu kwa soketi ndefu, akazibadilishana mahali, akawasha. Injini ilikohoa ikitoa hewa, ikatulia, na ko-ko-ko ikaanza upya. Safari hii ukilegeza nati ya tatu hakuna kitu. Ukilegeza ya kwanza, kimya. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na injekta. Beringi haihami.

Tukazibeba zote nne kwa fundi wa injekta pale Kirinyaga Road. Alifunga ile nzima kwenye mashine ya kupimia, akavuta mkono wa pampu, ikatoa ukungu mwembamba kama pafyumu. Nikanyoosha kidole niuguse, akanipiga kofi la mkono: mkandamizo ule hupenya ngozi, na dizeli ikiingia mwilini ni kisu cha hospitali. Ile mbovu haikutoa ukungu. Ilidondosha matone, kisha mchirizi mmoja wa kwenda upande. Mafuta ya namna hiyo hayachanganyiki na hewa. Hukusanyika, halafu yanawaka yote pamoja. Ndiyo iliyokuwa nyundo yangu.

Nilibadilisha nozo zote nne, yaani zile ncha za injekta, washa za shaba (pete za kuzibia; za zamani hazirudishwi, zitavujisha), na filta ya mafuta. Yote pamoja na ufundi hayakufika 15,000. Tangi tulilimwaga. Chupa ya soda ya kwanza tuliyokinga chini ya tangi ilikuwa na maji vidole vitatu, na juu yake dizeli yenye rangi ya chai ya rangi.

Kutoa hewa ndiko kulikonitoa jasho: pampu ya mkono juu ya filta, mara arobaini, hamsini, mpaka iwe ngumu. Ilipowaka iligonga sekunde kama kumi na nikamtazama mzee kwa hofu. Hakuinua hata kichwa. Alikuwa akifuta spana. Mlio ukaisha.

Asubuhi za baridi bado inatika-tika kidogo dakika ya kwanza, kisha inanyamaza. Mitungi ya kando ya barabara naipita bila kugeuka. Wiki iliyofuata yule fundi wa Kayole aliisikia ikipita, akanipungia nisimame. "Nani alikufungulia injini?"

"Haijafunguliwa," nikamjibu, nikamweleza ile ya kubadilishana injekta. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza washa za shaba mzee huyo anaziuza bei gani.