Klapa ya Keko

Filamu yetu fupi ya kwanza tuliishuti Kunduchi, Dar es Salaam, ufukweni kwa wavuvi, kwa siku 4. Kuoanisha sauti na picha kulinila siku 11.

Kamera ilikuwa ya kuazima, na maiki yake ya ndani ilikuwa inabeba upepo wa bahari na kuacha maneno ya waigizaji. Kwa hiyo sauti tulirekodi pembeni, kwenye kirekoda kidogo cha mkononi, kama wanavyofanya wengi wenye bajeti ndogo. Nilipofika nyumbani nikakuta klipu 146 za picha na mafaili 131 ya sauti. Kuna mahali kirekoda kiliachwa kikaenda teki tatu mfululizo (teki ni kila mara mnaporudia kurekodi kipande kile kile) bila kuzimwa, na kuna mahali kamera ilikimbia huku kirekoda kimelala.

Klapa, kile kibao cha namba chenye vijiti viwili vinavyogongwa mbele ya kamera ili mlio na picha ya vijiti vikikutana vilazwe pamoja baadaye, hatukuwa nayo. Tulikuwa tunapiga makofi: mmoja wetu anasimama mbele ya lenzi, anapiga kofi moja, anatoka. Kofi linasaidia, silikatai, na siku ambayo huna kingine lipige. Lakini viganja ni nyama. Ukipita fremu moja baada ya nyingine, yaani zile picha moja moja zinazounda video, huoni ni ipi hasa mikono ilipokutana, maana ngozi inagusana, inabonyea, kisha ndiyo inaachana. Sisi tunashuti fremu 25 kwa sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na ukiweka shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila fremu, 1/50 ya sekunde, taa za ndani hazichezi kwenye picha. Hapo kila fremu ni milisekunde 40. Ukikosea fremu mbili tatu, mdomo na sauti vinaanza kuachana, na hata bibi yako ambaye hajawahi kushika kamera ataona kuna kitu hakijakaa.

Na makofi yote yanafanana. Kofi la teki ya 2 halina tofauti na la teki ya 6, na mwigizaji anasema maneno yale yale. Nilisikiliza "Baba yenu bado hajarudi" mara nyingi kiasi kwamba nilianza kutambua teki kwa kikohozi cha mvuvi aliyekuwa anashona nyavu nyuma yetu. DaVinci Resolve, programu ninayohaririia, ina uwezo wa kulinganisha yenyewe kwa kusoma mawimbi ya sauti, na mahali patulivu inafanya kazi nzuri sana. Pale ufukweni, maiki ya kamera ilikuwa imejaa upepo mtupu, na baadhi ya klipu ilizioanisha na teki isiyo yake. Hilo ni baya kuliko kushindwa, kwa sababu unagundua ukiwa umeshakata sini nzima.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwenye klapa mlio ni nusu tu ya kazi, pengine hata chini ya nusu. Kazi kubwa ni namba: iliyoandikwa ili picha ijitambulishe, na iliyotamkwa kwa sauti ili faili la sauti nalo lijitambulishe. Kwa Kiingereza kibao hiki huitwa pia "slate", jina la lile jiwe jembamba jeusi ambalo watoto wa shule za zamani waliandikia kwa chaki. Vile vijiti viwili vya juu vilikuja baadaye, filamu zilipoanza kuwa na sauti, na mwanzoni mtu mmoja alishika kibao na mwingine akagonga vijiti. Kwa hiyo hata kihistoria maandishi ndiyo yaliyotangulia.

Cha kwanza nilichojaribu ni programu ya simu inayoonyesha klapa kiooni. Bure, namba zinajibadilisha zenyewe, safi kabisa ukiwa sebuleni. Tukatoka nayo nje saa 6 mchana, kioo cha simu kikawa kioo cha kujitazamia, kwenye picha unaona mbingu na vidole vya aliyeishika. Mlio wake unatoka kwenye spika ndogo, na mbele ya mawimbi haufiki popote. Katikati ya teki ya 3 simu ikaita. Siku hiyo hiyo niliifuta.

Nikaenda Kariakoo nikanunua klapa ya plastiki ngumu nyeupe, ile yenye vijiti vya rangi rangi, kwa shilingi 40,000. Nataka nimtendee haki muuzaji, kwa kuwa kwa mtu wa studio kitu kile kinatosha. Shida zake nilizikuta juani. Uso mweupe unaong'aa ukipigwa na jua la mchana, kamera iliyopangwa kwa ajili ya uso wa mtu mweusi inaona karatasi tupu, namba zote zimeungua. Wino wa makapeni ya ubao mweupe ukikaa saa tatu kwenye joto hauondoki tena, unabaki kivuli cha 4 chini ya 7. Na zile rangi za vijiti watu husema ni za kupimia rangi ya picha. Usizitegemee. Ni chapa ya kiwandani tu, kila kibao na wekundu wake. Kilichonishinda kabisa ni mlio: "tap", mwepesi kama kifuniko cha ndoo. Kwenye mchoro wa wimbi la sauti kwenye kompyuta, kilima chake kilikuwa kifupi kuliko cha mtu anayesema "kimya".

Nikaenda Keko kwa mafundi seremala. Mzee mmoja niliyemkuta anapiga randa miguu ya kitanda alinisikiliza, akaichukua klapa yangu ya plastiki, akaigonga karibu na sikio lake mara mbili. "Hiki hakina mbao ndani, kijana. Kitalia vipi?" Akaokota vipande viwili vya mninga sakafuni, akavigonganisha. Kukatoka "ka!" moja, fupi, kavu, isiyo na mkia. Nilikuwa sijui kama mbao ina tofauti kiasi kile. Sauti ikiwa na mwanzo mkali namna hiyo, kwenye kompyuta inasimama kama mnazi peke yake uwanjani, huhangaiki kuitafuta.

Tulipatana shilingi 25,000. Vijiti viwili vya mninga, urefu wa sentimita 30, unene wa sentimita 2, vimeungwa na bawaba ya shaba upande mmoja. Kibao chenyewe ni plaiwudi, upande mmoja amebandika fomaika nyeupe, upande wa pili amepaka rangi nyeusi ya ubao wa shule. Mweupe ni wa ndani na usiku, mweusi na chaki ni wa juani, na chaki kwenye weusi haiungui kamwe. Kitu kilichomchukua muda ni nyuso za vijiti. Alikuwa anavifunga, anavinyanyua kuelekea mlangoni, anatazama kama mwanga unapita katikati, anapiga randa tena kidogo, anatazama tena. Mara nne au tano. Akaniambia vikigusana ncha tu vitatoa milio miwili iliyofuatana, na mimi nahitaji mmoja. Hakuna aliyemfundisha mambo ya filamu, lakini hilo ndilo hasa linalotofautisha klapa nzuri na mbaya. Mistari myeusi na myeupe nilichora mwenyewe, ya juu imelalia kulia, ya chini imelalia kushoto, ili vijiti vikikutana mistari iunge kona kama mkuki na jicho lisikose fremu yake.

Sasa nani aishike. Mara ya kwanza tuliizungusha, yeyote aliye huru anagonga, na namba zikavurugika siku ile ile. Filamu ya pili nikamwomba mpwa wangu, alikuwa amemaliza kidato cha nne anasubiri matokeo, mwandiko wake wa kupendeza. Nilimpa klapa, daftari, kalamu na kitambaa. Kitambaa akakitupa siku ya pili. Alifunga sponji ya kupakia poda kwenye mkia wa makapeni kwa raba bendi, anaandika kwa huku, anageuza, anafuta kwa kule. Baadaye niliona picha za wasaidizi wa kamera wa nchi za nje wakifanya vivyo hivyo.

Utaratibu wetu ulitulia hivi. Mimi naita kimya. Mtu wa sauti anawasha, anasema "Sauti inakwenda." Kameramani anafuata, "Kamera inakwenda." Mpwa wangu tayari yuko ndani ya picha, vijiti vimefunguliwa, kibao kimeinamishwa kidogo mbele ili kisirudishe mwanga, vidole haviko juu ya namba. Anasoma kwanza: "Sini ya 7, B ya Bagamoyo, teki ya 3." Ndipo anagonga, anatulia kidogo bila kutikisika, anatoka. Ndipo nasema akshen. B ni herufi ya shoti ndani ya sini, na hiyo B ya Bagamoyo tuliianzisha baada ya kusikia kwenye faili "bi", "di", "pi" na kushindwa kujua ipi ni ipi. D ni ya Dodoma, P ya Pemba. Herufi I na O hatuzitumii kabisa, maana kwenye kibao zinasomeka 1 na 0.

Umbali wa kusimama ulitusumbua mpaka tukapata kipimo cha haraka: kila milimita 10 za lenzi, futi moja. Lenzi ya 50, simama futi 5 kutoka kwenye kamera. Ya 85, futi 8 na nusu. Kibao kinajaa picha na namba zinasomeka. Fokasi ikiwa imeshakaa usoni kwa mwigizaji, kiweke karibu na uso wake.

Na hapo karibu na uso ndipo nilipokosea. Tulikuwa na sini ya mama anayeletewa habari kwamba mashua imeonekana bila watu. Mwigizaji wetu ni mama mtu mzima, ametoka kwenye jukwaa, na alikaa dakika kumi na tano peke yake nyuma ya mtumbwi kujiandaa. Alipokuja machozi yalikuwa yameshafika machoni. Mpwa wangu akasoma namba kwa sauti ya juu kama kawaida na kugonga mninga sentimita 40 kutoka usoni kwake. Alifumba macho. Alipofumbua, yule mama wa kwenye hadithi hakuwepo tena. Hakukasirika. Alimshika kijana mkono akamwambia, "Mwanangu, umenigongea mlango wakati nimeshaingia ndani."

Nilimwomba radhi mbele ya wote, tukapumzika nusu saa. Tuliporudi hatukugonga mwanzoni. Kamera na sauti viliwashwa kimya kimya, mimi nikampa ishara ya mkono tu. Sini ilipokwisha, kabla mtu hajazima chochote, mpwa wangu aliingia na kibao kimegeuzwa juu chini, akasema "klapa ya mwisho", akataja namba, akagonga. Kibao kikiwa kichwa chini mhariri anajua mlio huu ni wa klipu iliyotangulia, si wa inayokuja. Teki moja tuliipoteza kwa sababu kameramani alizima kwa mazoea mara tu aliposikia nimesema "kata". Tangu hapo kwenye sini kama hizo sisemi kata. Nasema "klapa", na kata inakuja baadaye. Kwa sini za kawaida za uso wa karibu, anagonga taratibu na kusema "klapa ya polepole", maiki iko karibu na inasikia. Shoti zisizo na sauti anaweka vidole kati ya vijiti asivifunge, na kwenye kibao anaandika KIMYA, ili nisitafute faili ambalo halipo.

Daftari nalo lilikuwa na kisa chake. Kirekoda kinaandika saa kwenye jina la faili kwa mfumo wa saa 24, 19:40. Mpwa wangu, kama mtu yeyote wa hapa, aliandika saa 1:40 usiku. Jioni ya kwanza nilidhani faili zimepotea. Tukakubaliana: saa za daftarini zifuate za mashine, saa za kuitana lokesheni zibaki za Kiswahili.

Filamu hiyo ya pili ilikuwa na klipu 172. Kuoanisha nilianza baada ya isha, nikamaliza kesho yake kabla ya saa 4 asubuhi. Nafungua klipu, nasoma sini ya 7B teki ya 3, nafungua faili la sauti, nasikia sauti ya mpwa wangu inasema hiyo hiyo, nashika fremu ambayo mistari imeunga kona, nashika kilima, navilaza pamoja, naendelea.

Kuna kitu kimoja bado nakiangalia kila mara. Kamera na kirekoda kila kimoja kina saa yake ndani, na kwenye teki ndefu zinaachana polepole. Simu ni mbaya zaidi, maana nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe katikati. Mwezi uliopita tulirekodi mahojiano ya dakika 40 na nahodha mstaafu, nikamwambia mpwa wangu agonge mwanzoni na mwishoni pia. Klapa ya mwanzo ilikaa sawasawa. Ya mwisho ilikuwa imepishana fremu 3. Kwa kuwa nilikuwa na ncha zote mbili, niliikata sauti kwenye yale mapumziko ya mzee, nikaisogeza kidogo kidogo mpaka mninga ukakutana.