Uchague hisa mwenyewe au ufuate soko? Hesabu ya mtu wa kipato cha kawaida Dodoma

Mtumishi wa Mtumba, mwalimu wa Bahi au mkulima wa zabibu wa Hombolo akishapata akiba yake ya kwanza huuliza: ninunue hisa za kampuni gani? Naona ameruka swali moja la muhimu zaidi: je, kuna ulazima wowote wa yeye kuchagua?

Anayechagua husoma hesabu za kampuni, hununua anayodhani bei yake iko chini kuliko thamani yake, huuza ikipanda, au humlipa meneja amfanyie kazi hiyo. Anayefuata soko hununua kila kitu kidogo kidogo kwa uwiano wa soko lenyewe, halafu anatulia miaka na miaka. John Bogle wa Vanguard, kampuni ya mifuko ya uwekezaji, aliwafungulia watu wa kawaida wa Marekani mfuko wa aina hii mwaka 1976, ukifuata fahirisi (kipimo cha mwenendo wa bei za hisa za kampuni nyingi kwa pamoja), yaani kampuni 500 za fahirisi ya S&P. Mwaka 1991 mchumi William Sharpe alieleza kwa nini mfuko huo unashinda, na hoja yake ni hesabu tupu: wanaochagua, ukiwajumlisha wote, hupata wastani wa soko kabla ya gharama. Mmoja akipata zaidi, mwenzake kapata pungufu. Ukishatoa ada na makato, wastani wao lazima ubaki nyuma ya aliyetulia kwa gharama ndogo. Mwekezaji tajiri wa Marekani, Warren Buffett, aliweka dau juu ya jambo hilo kuanzia 2008 hadi mwisho wa 2017: mfuko wa fahirisi ulikua kwa wastani wa asilimia 8.5 kwa mwaka, na kapu la mifuko iliyosimamiwa na mabingwa likaishia karibu asilimia 3.

Hoja hiyo ni ya kweli popote, ila vifaa vyake havijafika kwetu vyote. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998 na bado ni dogo. Lina fahirisi ya DSEI inayohesabu hata kampuni za Kenya zilizoorodheshwa huku, kama KCB, na TSI inayohesabu za nyumbani tu. Ukifuata TSI, sehemu kubwa ya fedha yako itakaa kwenye NMB, CRDB, bia, sigara, simu na saruji. Huo si mtawanyiko wa kampuni 500. Mifuko inayofuata fahirisi kwenye soko letu nayo ni michache na michanga.

Kwa hiyo mwekezaji wa hapa anayetaka kutulia hutumia mifuko ya pamoja, ambako fedha za watu wengi hukusanywa na kuwekezwa kwa pamoja. UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko hiyo, ina Umoja, uliofunguliwa 2005 na unaochanganya hisa na dhamana (mikopo ambayo serikali au kampuni huchukua kwa wawekezaji na kuilipia riba), Ukwasi unaokaa kwenye dhamana na amana za benki, Hatifungani unaonunua dhamana za muda mrefu zenye jina hilohilo, na mingine. Ndani ya mifuko hiyo mameneja wanachagua, lakini wewe mwenye vipande (sehemu zako za mfuko) huchagui kitu. Unaweka kila mwezi, basi. Na faida nyingi za kufuata soko hutokana na tabia hiyo ya mwekaji.

Gharama ndipo mahali pa kukaa na kalamu. Ukinunua hisa kupitia dalali, kamisheni yake pamoja na tozo za soko, za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana na za hifadhi ya hisa hupita kidogo asilimia 2 kwa miamala midogo. Ukiuza, unakatwa tena. Chukua mtaji wa shilingi 2,000,000 na makato ya asilimia 2 kila upande: kununua 40,000, kuuza 40,000. Ukizungusha mara 4 kwa mwaka umetoa 320,000, yaani asilimia 16 ya mtaji. Hisa zako lazima zipande kiasi hicho ndipo urudi ulipoanzia. Aliyenunua mara moja akakaa miaka 10 makato yake ya kununua ni sawa na asilimia 0.2 kwa mwaka, na kila mwaka anapokea gawio (sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa) likiwa limekatwa kodi ya asilimia 5, kiwango cha kampuni zilizoorodheshwa.

Tofauti ndogo nayo isidharauliwe. Weka 200,000 kila mwezi kwa miaka 10, jumla milioni 24. Tuseme inakua kwa asilimia 11 kwa mwaka: unafika kama milioni 43.4. Ikikua kwa asilimia 9 kwa sababu 2 zimeliwa na ada na mizunguko, unafika milioni 38.7. Shilingi milioni 4.7 zimepotea na hukuona siku yoyote ya hasara.

Anayechagua hisa hapa ana tatizo jingine ambalo vitabu vya Marekani havilitilii mkazo: mnunuzi kukosekana. Hisa za CRDB na NMB zinatembea karibu kila siku. Za benki ndogo unaweza kuweka oda ya kuuza ikakaa wiki, na mnunuzi akitokea anataka bei ya chini sana. Kabla ya kununua, fungua programu ya simu ya soko la hisa iitwayo Hisa Kiganjani na uangalie oda za kununua zilizopo na idadi ya hisa zilizouzwa siku kadhaa zilizopita. Kama ni hisa mia mbili tatu, jiulize utatokaje ukiwa na elfu ishirini. Na oda yako iwe na bei ya kikomo siku zote, yaani ya juu kabisa unayokubali kununua au ya chini kabisa unayokubali kuuza. Kosa jingine ni kukimbilia hisa baada ya gawio kutangazwa bila kuangalia tarehe ya kufunga rejista (orodha ya wenye hisa watakaolipwa): aliyechelewa hapati gawio, na bei kwa kawaida hushuka baada ya hapo.

Kwenye hatifungani za serikali ndipo njia hizi mbili huonekana waziwazi. Kwenye mnada wa Benki Kuu unaweza kuleta zabuni ya ushindani ukitaja bei yako kwa kila shilingi 100. Ukitaja ya chini mno unakosa, ukitaja ya juu mno faida inapungua. Au unaleta zabuni isiyo ya ushindani, unapewa wastani wa bei za walioshinda. Kwa mtu anayeanza na milioni moja au tano, nashauri hii ya pili bila kusita. Andaa fedha zaidi kidogo kwenye akaunti: wastani ukitoka 103, hatifungani ya milioni 10 inahitaji milioni 10.3. Na ipeleke fomu benki au kwa dalali mapema, maana wao wana muda wao wa mwisho kabla ya ule wa Benki Kuu.

Usidhani kutulia ni kukosa hatari. Hatifungani ya miaka 20 ya milioni 10 yenye riba ya asilimia 12 inakulipa 600,000 kila miezi sita. Soko likianza kudai asilimia 15, yaani wanunuzi wakitaka faida hiyo kwa mwaka, nawe ukalazimika kuuza mapema, utapata kama milioni 8.1. Ingekuwa imebakiza miaka 5, ungepata kama milioni 8.97. Kwa hiyo ada ya shule ya mwakani haikai kwenye hatifungani ya miaka 20. Mahali pake ni Ukwasi, usio na ada ya kuingia wala kutoka. Lakini kinachowaangusha wengi zaidi ni ile 600,000 kuingia kwenye akaunti ya mshahara na kuyeyuka na matumizi. Bila kuirudisha kazini, riba haizai riba. Siku ikiingia, ihamishie kwenye mfuko.

Mkulima wa zabibu anayevuna mara mbili kwa mwaka hana mshahara wa kukata. Aingize fedha yote ya mavuno Ukwasi, kisha kila mwezi ahamishe sehemu yake kwenda Umoja au aikusanye hadi ifike ya hatifungani.

Na anayependa kuchagua? Hakuna ubaya, ni elimu nzuri. Nadhani asilimia 10 ya akiba yatosha, nyingine zote zikae kwenye mifuko na hatifungani. Andika siku ya kununua sababu mbili tatu za kununua na kitu kitakachokufanya uuze, mfano mikopo chechefu (isiyolipwa kwa wakati) ya benki kupanda robo mbili mfululizo. Kila mwisho wa mwaka linganisha matokeo yako, gawio likiwemo na makato yakiwa yametolewa, na kipande cha Umoja kwa kipindi hichohicho. Miaka mitatu ukiwa nyuma, acha kuongeza fedha kwenye fungu hilo, na michango mipya yote iende kwenye mfuko.