Albamu ya mzee wa ilimba: studio ndiyo ifuate ala

Mzee wa Kigogo aliyepiga ilimba, ala ya ubao yenye ndimi za chuma zinazochezwa kwa vidole, tangu ujanani anapokubali kurekodi albamu pamoja na watoto na wajukuu zake, jambo gumu kwa prodyuza ni kujizuia. Kazi nyingi za namna hii huharibika kabla mzee hajafungua kinywa. Mtu anawasha kompyuta, anaweka kinanda, kisha anamwambia: "Babu, tuisogeze kidogo ilimba iendane na hiki."

Isisogezwe. Muziki wa Kigogo umejengwa juu ya ngazi ya asili, ile inayotokea yenyewe uzi unapotetemeka: noti zake hufuatana kwa uwiano wa 4, 5, 6, 7, 8, 9. Kwa mfano, ulimi wa chini ukiwa na hezi 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde, zinazofuata zitakuwa 250, 300, 350, 400 na 450. Kinanda, kwa noti zilizo karibu na hizo, kinatoa takriban 252, 300, 356, 400 na 449. Tofauti ya 250 na 252 sikio huivumilia. Ya 350 na 356 haivumiliki, kwa sababu noti hizo zikilia pamoja sauti inapanda na kushuka mara sita kila sekunde, na msikilizaji anadhani mzee ametoka nje ya wimbo. Hajatoka. Kinanda ndicho kilichomvamia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima ilimba, ulimi mmoja baada ya mwingine, na kuandika hezi zake kwenye daftari. Ukitaka besi, ipige noti za 4, 6 na 8 tu, maana hapo ala zote mbili zinakubaliana. Ile ya 7 iachie ilimba na sauti za watu. Programu ya kunyoosha sauti izimwe kabisa kwenye waimbaji. Itaivuta 7 hadi kwenye kinanda, na ladha yote ya Ugogo itaondoka nayo.

Ikiwa ulimi umehama kweli, mwenye ala airekebishe mwenyewe. Ukisukumwa ndani, sehemu inayotetemeka inakuwa fupi na sauti inapanda. Ukivutwa nje, inashuka. Zile ilimba kubwa zina ndimi ambazo hazichezwi kwa vidole kabisa. Hizo zinaitikia zenyewe jirani zake wakiguswa, lakini zinaitikia tu pale sauti zinapolingana. Ukirekebisha zinazochezwa ukazisahau hizo nyingine, ala inakuwa kavu, na huko kwenye miksingi hakuna mwangwi wa kununua utakaoirudisha.

Halafu kuna ule mlio wa kuvuma kama wa nyuki. Unatoka kwenye tundu la ubao lililofunikwa kwa utando wa buibui, na kwenye vipete vya waya au shanga zilizovishwa ndimi. Prodyuza mgeni huuona ni kasoro, akaweka selotepu au akatumia programu ya kuondoa kelele. Mlio huo ni sehemu ya sauti ya ilimba, unaifanya isikike mbali kwenye ngoma. Wasiwasi wako uwe juu ya utando wenyewe: miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, hewa ya Dodoma ni kavu na utando hupasuka kwa urahisi. Mwombe mzee aje na wa akiba. Ngozi ya zeze nayo ina tabia yake, hukaza katika ukavu huu na kulegea kwenye unyevu wa Pwani, kwa hiyo kinachorekodiwa nusu Dodoma na nusu Bagamoyo hakitashikana.

Chumba: ukipata tembe, usihangaike na studio. Ukuta mnene wa udongo na paa la udongo vinazuia upepo, na hakuna bati la kulia jua linapopanda. Kama ni nyumba ya bati, rekodi alfajiri au baada ya saa mbili usiku.

Maiki moja ya kondensa iwe sentimita 25 hivi juu ya ilimba, imeinama kidogo, isielekee moja kwa moja kwenye tundu. Mbili ziwe mbele ya familia nzima iliyokaa nusu duara. Wanawake wanaopiga muheme, ngoma ya Kigogo, wanazibana ngoma zao katikati ya mapaja na zina nguvu sana. Wakae mita nne nyuma ya mzee. Vilele visipite desibeli 12 chini ya mwisho wa kipimo, kwa sababu kigelegele hakipigi hodi.

Usiwarekodi mmoja mmoja kwa hedifoni. Sauti za Kigogo zinajibizana na kusukana. Mwimbaji asiyemsikia mwenzake hewani hajui aingie wapi. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mdundo, pia iachwe, mwendo huongezeka wenyewe wimbo ukikolea. Gharama ya kurekodi pamoja ni kwamba mmoja akikosea mnarudia wote.

Mfano wa kusikiliza kabla hujaanza ni albamu ya Chibite ya mwaka 1996, ya Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo mzaliwa wa Doduma, na Charles, mpwa wake. Hukwe alikuwa anakaribia miaka 60. Assembly ya 2002, aliyoifanya na prodyuza na mpiga gitaa Michael Brook, ina magitaa na mitambo. Ni kazi nzuri, ila aanzaye aanze na ile ya kwanza, asikie ilimba ikiwa na nafasi yake. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose walitoa albamu ya Maisha, na hapo sauti za wanawake wa ukoo huo ndizo zilizotangulia mbele.

Kuhusu majina kwenye jalada: wimbo wa jando au wa mavuno si mali ya prodyuza, wala si wa mzee peke yake. Andika "wimbo wa asili wa Wagogo", kisha jina la mzee kama mpangaji, kisha kila mwimbaji kwa jina lake kamili, na wapiga muheme pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazitambua kazi za jadi na wasanii wanaozitumbuiza. Mkataba usomwe kwa Kigogo mbele ya wanawe kabla ya maiki kuwashwa, na mgao wa kila mtu uandikwe humo kwa asilimia.