Kusi Ilipovuma Taratibu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Juma hili tusome Matendo ya Mitume 27, safari ya merikebu ya Paulo kwenda Rumi akiwa mfungwa, tena tuisome polepole.

Mwaka wa sita huu narusha Caravan, ndege ya injini moja: Dar es Salaam, Unguja, Pemba, Mafia, na siku nyingine viwanja vya nyasi mbugani, ambako unapita kwanza chini chini kufukuza pundamilia, kisha unazunguka ndipo utue. Saa zangu zimevuka zile 1,500 za leseni ya juu ya urubani. Sasa shirika kubwa zaidi limeniita. Darasa lao la mafunzo linaanza baada ya wiki tano, na mkataba wangu unadai notisi ya miezi mitatu.

Wengi mmeniambia mlango umefunguka, ni Mungu huyo. Nawashukuru kwa upendo wenu. Lakini tazameni aya ya 13. Bandari waliyotia nanga haikufaa kukaa wakati wa baridi, Paulo ameonya, akida, mkuu wa askari, amewasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Kusi ikaanza kuvuma taratibu, wakadhani wamepata walichokusudia, wakang'oa nanga. Upepo haukuwa na ubaya wowote. Ulivuma tu siku waliyoutamani. Baada ya kitambo ikashuka Eurakilo, upepo wa tufani.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni aya ya 30. Usiku, mabaharia wanashusha mashua wakisingizia kwenda kutia nanga za omo, mbele ya merikebu, kumbe wanakimbia. Paulo akasema, hawa wasipokaa merikebuni, hamwezi kuokoka. Mle ndani walikuwamo watu 276.

Mashua hiyo naijua. Mwaka jana mwenzetu mmoja alipata kazi kwingine, akazima simu alfajiri, akaenda zake. Safari ya Mafia siku ile haikuruka. Kesho yake nikatua mimi, nikamkuta mzee kwenye benchi, bahasha ya eksirei mapajani. Miadi yake ya hospitali ilikuwa jana.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Leo umekuja.”

Hakuongeza neno. Nilimshika mkono kupanda ngazi, nikamfunga mkanda mwenyewe, na hadi tunatua Dar sikuweza kugeuka kumtazama.

Wala sisemi kubaki ndio utakatifu. Kuna ndugu zangu wanaokaa mahali kwa woga, wakauita woga huo uaminifu, na mimi nimewahi kuwa mmoja wao. Merikebu ile nayo ilifika saa ya kuachwa. Someni mwisho wa sura: kumekucha, akida anaamuru mbele ya wote, wajuao kuogelea wanajitupa kwanza, wengine wanafuata juu ya mbao na vipande vya merikebu. Wakafika nchi kavu wote. Kuondoka kule na kule kwa mashua ya usiku, wapendwa, ni vitu viwili kabisa, ingawa chombo kilichoachwa ni kile kile.

Basi barua ya kuacha kazi nimeiandika, miezi mitatu kamili, nikampelekea rubani mkuu mkononi, mchana. Shirika lile nimeliomba liniweke darasa linalofuata. Hawajanijibu, na huenda wakampa mwingine nafasi hiyo. Mke wangu anajua, tumeomba pamoja.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi naruka Mafia. Niombeeni.