Milio Miwili ya Usukani

Gari la shemeji lilikuwa la viti saba, linalovutwa na magurudumu ya mbele, na pawa stelingi yake, yaani mfumo unaoufanya usukani uwe mwepesi, ilikuwa ya mafuta. Lilifika likiwa na hukumu tayari: kuna gereji ilikwishasema reki ya usukani, ile fimbo yenye meno inayosukuma tairi zigeuke, imekufa, inunuliwe nyingine. Nikamwomba shemeji asinunue chochote kwanza. Reki iliyochoka hugonga kwenye barabara mbovu, huvujisha mafuta ndani ya buti zake, ile mifuko ya mpira inayofunika ncha zake, au huuacha usukani na mchezo mtupu kabla tairi hazijageuka. Gari hili halikuwa na hata kimoja cha hivyo. Lilikuwa linalia.

Tulianza injini ikiwa imezimwa, ufunguo umezungushwa hatua moja tu ili usukani usijifunge. Shemeji akaucheza kushoto na kulia kwa nafasi ya vidole viwili, nami chini nikishika tairodi endi, viungo vinavyounganisha reki na tairi, moja baada ya nyingine, kisha sehemu za ndani kupitia buti za reki, mwisho jointi ya shafti ya usukani iliyo juu ya pedeli. Kiungo kilicholegea hukipiga kiganja kabla sikio halijasikia. Vyote vilikuwa vimekaza.

Injini ilipowashwa ndipo ikajulikana kwamba milio ni miwili, na kila mmoja una tabia yake. Wa kwanza ulikuwa mvumo wa mfululizo: ukikanyaga mafuta unapanda, ukikata usukani unazidi. Wa pili ulikuwa "dong!" ya chuma, inayokuja usukani ukiwa nusu ya kukata, na haikujali injini inazunguka kwa kasi gani. Aliyeichanganya miwili hii akaiita mmoja ndiye aliyefika kwenye reki.

Mvumo ni wa pampu, hapo hakuna ubishi. Nilichukua kipande cha hozi, ncha moja sikioni, nyingine karibu na mwili wa pampu, ukasikika waziwazi. Mvumo kidogo usukani ukigota mwisho ni kawaida, kwa sababu vali ya presha inafunguka. Ndiyo maana usiushikilie hapo zaidi ya sekunde 5, mafuta hupata joto upesi mno. Lakini huu ulianza mapema, kabla ya kugota. Kifuniko cha kopo la mafuta kilipofunguliwa, kipimo kilikuwa sawa ila mafuta yalijaa povu jepesi, rangi imepauka. Povu ni hewa, na hewa hubanwa ikasinyaa ilhali mafuta hayabanwi, kwa hiyo pampu inalia.

Hewa iliingia wapi, na chini hapakuwa na tone? Watu wengi hutafuta mvujo kwenye hozi ya presha. Hozi inayotoka kopo kwenda pampu ndiyo ya kutazama, kwa kuwa pale pampu inavuta: mwanya mdogo hunyonya hewa kabla haujatoa mafuta. Klampu yake ya springi ilikuwa imechoka, ikizunguka kwa kidole, na ncha ya mpira imekauka. Hozi ilikuwa na urefu wa ziada, basi nikakata sentimita 1 ya ncha iliyokauka, nikaweka klampu ya skrubu. Mafuta ya kuongezea ni ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, si yoyote mekundu yaliyopo kabatini.

Kutoa hewa kunahitaji subira. Mbele inyanyuliwe ikae juu ya stendi, injini izimwe, usukani ukatwe polepole mwisho hadi mwisho mara 15 au 20 huku mwenzako akiongeza mafuta kila yanaposhuka. Ukiwasha injini mapema, pampu inaikoroga hewa ndani ya mafuta na utangoja muda mrefu povu litulie. Povu lilipokwisha tukawasha, tukakata tena bila kugotesha, na mvumo ukawa umekwisha.

Ajabu ni kwamba gari likiwa juu ya stendi, "dong" nayo ilinyamaza. Lilipotua chini ikarudi. Kitu kinacholia kikibeba uzito tu, usukani ukikatwa gari limesimama, mara nyingi ni beringi iliyo juu ya shokapu. Niliweka kiganja upande wa nje wa springi ya kushoto, vidole mbali na nafasi za katikati ya mizunguko, nikamwambia shemeji akate taratibu. Springi ilikuwa inajipinda na tairi, inajikaza, halafu inaruka kwa mkupuo. Ya kulia ilizunguka kimya.

Kushusha shokapu si kazi ngumu, ila ina hatari moja ya kweli. Tulitoa tairi, tukafungua hozi ya breki kwenye kishikizo chake, linki ya stabilaiza (fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona), kisha bolti mbili kubwa za chini. Bolti hizo niliziwekea alama kwa msumari kabla ya kuzilegeza, maana zikihama kidogo tu tairi inalala. Juu, chini ya boneti, zipo nati tatu pembeni na moja katikati. Ile ya katikati haiguswi hata kidogo springi ikiwa haijabanwa. Ndiyo inayoizuia, na springi ikichomoka inaua. Vibanio viwili vikae pande mbili zinazotazamana, vikazwe kwa zamu, mizunguko michache huku na michache kule, mpaka springi icheze kwenye kikalio chake.

Beringi ya zamani ilizunguka kwa kukwaruza, grisi yote imegeuka uji wa kutu. Nikabadilisha beringi pamoja na maunti yake, kile kikalio cha mpira na chuma kinachoishika shokapu juu, kwa kuwa mpira ulikuwa na nyufa. Shokapu yenyewe ilikuwa kavu, ikarudi. Wakati wa kufunga, ncha ya chini ya springi lazima iegemee ngazi ya kikalio. Ikipanda juu yake, utatengeneza mlio mpya. Nati za tairi zilikazwa kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, Nm 103 kama kitabu cha gari lile kilivyotaka, na gari likapelekwa alaimenti, kupimwa na kunyooshwa pembe za tairi, pamoja na alama zangu zote.

Ukabaki mlio mdogo wa mpira, "nyiii", miguuni mwa dereva. Hiyo ni buti ya shafti ya usukani inapopita ukuta wa injini. Ilipakwa grisi ya silikoni, kwa sababu grisi ya kawaida huuvimbisha mpira wa aina hiyo.