Vifaru Vilirudi Sandukuni

Juzi mwanangu alikuwa akipanga wale askari wadogo wa bati, akauliza: "Baba, mbona kwa hawa wa Uturuki hakuna aliyekufa?" Kweli. Masanduku ya Wajerumani na Warusi yana askari waliolala chali, bunduki kando. Waturuki wangu wote wamesimama. Nikamwambia hawa hawakupigana katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. "Sasa walifanya nini?"

Swali hilohilo ndilo lililotufanya tukeshe, mimi na rafiki yangu wa Edirne, mji wa Uturuki ulio mpakani na Ugiriki, enzi za chuo.

Tulikuwa tunatunga mchezo wa vita wa mezani. Aprili 1941: Wajerumani wameingia Ugiriki, wamefika mpakani mwa Uturuki, kwenye mto Meriç. Uturuki, nchi ya watu wapatao milioni 18, imewaita jeshini karibu watu milioni moja. Vifaru vyake vya maana ni Renault R-35, vile 100 vilivyonunuliwa Ufaransa mwaka 1940, na Ufaransa yenyewe imeshaanguka. Vipuri vitatoka wapi? Mkuu wa majeshi, Fevzi Çakmak, amejenga ngome za zege upande wa Çatalca, magharibi ya Istanbul, kulinda njia ya kuuingilia mji. Tulisoma magazeti ya zamani, tukachora ramani za reli, tukaenda hadi Çatalca kupima ngome kwa futi kamba. Lakini ramani peke yake inatosha kukuonyesha jambo moja: Edirne iko mbali, mbele ya ngome. Vita vikianza, inaachwa.

Rafiki yangu amezaliwa Edirne. Bibi yake alihamia Anatolia, upande wa Asia wa Uturuki, mwaka huo na magodoro mgongoni mwa gari la ng'ombe. Akakataa katakata kuchukua upande wa Uturuki. "Abi (yaani kaka), mimi siwezi kutoa amri ya kuuacha mji wa bibi." Akachukua Wajerumani, mimi nikabaki na Waturuki.

Kanuni yetu ilikuwa hii: kila zamu, kabla ya yote, Mjerumani anachagua kushambulia, kungoja, au kugeukia mashariki, yaani Urusi. Akichelewa, siku za vita vya Urusi zinapungua.

Nilikuwa nimeshavunja madaraja ya reli na kurudisha vikosi nyuma. Edirne ilibaki na kikosi kimoja tu cha miguu. Dadu zilikuwa mkononi mwake. Akazitikisa, akasita. Akainama hadi jicho lake likawa sawa na meza, akatazama kutoka mtoni mpaka Çatalca, barabara yote ile ndefu na reli iliyokatika. Akahesabu mafuta kwa vidole. Chai yake ilikuwa imepoa na utando juu. Kisha akaziweka dadu chini, taratibu, bila kuzirusha, akaanza kuokota vifaru vyake kimoja kimoja na kuvirudisha sandukuni. "Nageukia mashariki," akasema.

Mchezo ukaisha hapo. Ndivyo ilivyokuwa hata kwenye historia: mkataba wa kutoshambuliana kati ya Ujerumani na Uturuki ulitiwa saini Juni 18, na siku nne baadaye Wajerumani wakaivamia Urusi.

Ubishi ndipo ulipoanza. Mimi nilishikilia kwamba watu milioni moja kwenye mahandaki waliingia katika hesabu ya Berlin. Yeye akasema Edirne iliokolewa na mpango wa Urusi, na kwamba babu yake alirudi baada ya miaka mingi ya kusimama tu akakuta shamba limekuwa pori, na mkate wa mjini unatolewa kwa kadi.

Akadai tuandike kanuni: Uturuki ipewe pointi zote Edirne isipoguswa, lakini ikatwe moja kwa kila mwezi ambao wanaume wanakaa jeshini. Kwa hesabu hiyo, ukifika Februari 1945, Uturuki ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani iliyokwisha kushindwa, hakuna pointi iliyobaki. Nilimwambia si haki, kwani mji umesimama na watu wake wako hai. Akasema babu yake naye alikuwa mtu.

Bado sikubaliani naye. Kanuni yake sijaifuta.